Nilivyolipeleka Jina la Mkwe Wangu Tanga

Kosa ni langu, simsingizii shetani. Nilimtia mkwe wangu aibu na nusura nikose mke, kwa uvivu wa dakika moja tu!

Miaka ile ya soko huria, kompyuta zilipoanza kupanda mlima kuja Lushoto, nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa mboga. Seva yetu ilikuwa Tanga. Kila asubuhi niliingia humo kwa laini ya simu, naandika neno la siri, natazama bei za kabichi na karoti kabla magari ya mboga kutoka Shume hayajashuka.

Neno lenyewe nililichagua kwa ujanja. Nilikuwa nimeshaposa, na kwetu mkwe hatajwi jina. Nikajiambia, nani atadhani kwamba mimi naandika jina la baba wa mchumba wangu? Loo, akili zangu! Hata hapa siliandiki.

Fundi wa seva kule Tanga, dada mmoja wa Kibondei, alinishauri nitumie programu mpya inayoyavuruga maneno yakiwa njiani, yasomeke yakishafika tu. Ile ya zamani, alisema, inapitisha kila kitu wazi, hata neno la siri. Nikaijaribu mara moja. Kwa laini yetu ile ilichelewa kidogo, nikaiacha. Tena Wabondei ni watani wetu, kwa hiyo onyo lake nililihesabu utani. Nikamjibu kwamba kama anaweza kulisoma neno langu, na alisome.

Akalisoma. Alinasa maneno yangu yakipita, akayachapa, akayaleta kwa faksi. Na mtani ni mtani, jamani: juu aliandika, "Kwa Mwenyekiti."

Mwenyekiti wa chama ndiye mkwe wangu!

Nilifika ofisini nikamkuta ameshika karatasi, miwani puani. Jina lake limepangwa mstari baada ya mstari, asubuhi baada ya asubuhi. Pale nilipokosea herufi, chini yake seva imejibu kwamba si sahihi, jaribu tena.

Nikamwamkia. Shikamoo yangu haikuitikiwa.

"Kijana," akasema taratibu, "jina langu unalipeleka Tanga kila siku, halafu ukinikuta njiani unainamisha macho?"

Kumweleza vizuri kungetaka nilitaje! Mshenga wangu alikwenda kwake Mlola mara tatu kuniombea radhi. Mara ya tatu alipokewa, yeye na mbuzi wangu wawili. Harusi ikasogezwa mwaka mzima, na mwaka mzima mchumba wangu kila akiniona anacheka mpaka anakaa chini. Niliumia, wallahi.

Ndugu zangu mnaoingia kwenye seva za mbali, msitegemee ujanja wa neno. Fungeni njia kwanza kwa programu ile ya kuvuruga maneno, maana neno likipita wazi ni la kila mtu. Mimi siku hizi siandiki hata herufi moja kabla njia haijafungwa.

Nimeoa, namshukuru Mungu, na watoto tunao. Lakini mkwe wangu akiingia ofisini hadi leo haniangalii usoni. Anaangalia vidole vyangu.