Mtoto Niliyempigishia Makofi

Nimesimulia mengi kuhusu kazi yangu ya kupima watoto vijijini, lakini hili la kule Kabras, nchi ya miwa, sijawahi kumwambia mtu. Naona aibu hata kuliandika.

Miaka ile kila mtu alikuwa amepanda miwa, wengine mpaka kizingitini, na mboga hazikuwa na pa kuota. Sisi tulipimia kanisani. Mizani tuliitundika kwenye boriti, mtoto akavishwa kaptura yenye kamba, akaning'inia akilia huku mimi nikiandika uzito kwenye kadi. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa na njaa, nami nikishikwa na njaa mdomo wangu hauna breki.

Mke wa mkata miwa alileta binti mwembamba. Nilimgombeza mbele ya wote. Nikamwambia kuzaa si kazi, kazi kulea. Aliinamisha kichwa, akampokea mwanawe.

Aliyefuata alikuwa mke wa mwenye shamba, na kitenge chake kipya. Mvulana wake alikuwa na mashavu tele, soksi nyeupe miguuni, wala hakulia. Uzito ulikuwa mzuri. Nikamwinua juu.

"Akina mama, mnaona mtoto anayelishwa? Mpigieni makofi!"

Wakapiga, isipokuwa yule niliyemgombeza. Alinisogelea, akasema polepole, "Daktari, huyo hachekangi. Hebu finya mguu yake. Anakulanga tu miwa na chai ya sukari."

Kufinya mguu ni jambo la kwanza nililofundishwa. Ukibonyea, shimo likabaki, huo si unono. Ni uvimbe wa utapiamlo, na mtoto anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Ilibaki kuvua soksi tu. Lakini nani angenifundisha kazi, mtu niliyetoka kumkaripia?

"Mama, wewe angalia wako," nilimjibu. Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Mwezi uliofuata mama wa kitenge alikuja peke yake. Alikuwa amenyoa nywele. Alinipa kadi kwa mikono miwili, akidhani ni lazima irudishwe.

"Tulimzika Jumanne," alisema. "Huyu mwenzangu alikuwa ananiambia kila siku nimpeleke hospitali. Nikamwambia, daktari mwenyewe amesema mtoto amenona. Si hata mlimpigia makofi?"

Mwenzake huyo alikuwa nyuma yake kwenye foleni, binti mwembamba mgongoni, mzima. Nilimngoja aseme. Neno moja tu lingetosha, na kanisa zima lingejua. Alinitazama, kisha akamshika mama mfiwa mkono na kumketisha kwenye benchi.

Nilisema pole. Ningeweza kusema nilikosea, nilionywa nikapuuza. Maneno yalikuwapo mdomoni, mdomo huu huu usiokuwa na breki.

Niliiweka kadi chini ya zile nyingine, nikaita anayefuata.