Fundi wa Paa na Uzi wa Mama Mkwe

Fundi wa paa hubana misumari midomoni, ndiyo maana majibu yake yote huwa mguno. Akiwa juu hutambaa kwa magoti, akibonyeza kila kigae cha lami kwa kidole gumba, kama mwanamke anayechagua parachichi. Mama mkwe, ambaye hushona nguo darini na kila adhuhuri hushuka ameloa jasho, alisimama nami uani akimtazama akikata tundu kwenye paa lisilovuja. “Mwanangu, unatoboa mtungi mzima. Mvua ikinyesha nihamie kwako?” Fundi aliguna. Akachomeka bati la feni ya kunyonya joto la darini chini ya vigae vya juu ili maji yapite juu yake, akapaka gundi, akagongomea. Muda wote huo kioo cha sola kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa chake cha kichwani, kwa sababu feni ile haina swichi. Ikiona jua tu inazunguka, na vidole vyake alikuwa bado anavihitaji.

Msumari wa mwisho ulipoingia, mdomo wake ukapata nafasi. “Mama, nenda darini ushike uzi chini ya feni. Uzi ukinyanyuka, niambie.” Mama mkwe akapanda akinung'unika. Fundi akavuta kitambaa. Feni ikatema vumbi, kisha ikavuma. Tukasubiri. Ghafla darini kikatoka kigelegele kirefu, fundi akakipokea juu ya paa, nami nikakipokea uani. Siku ya harusi yangu, mama mkwe hakupiga hata kimoja.