Jumapili za Anande

Ephraimu alipima mvua kwa miaka thelathini na minane, kila siku saa tatu kamili asubuhi. Kipimo kilisimama nyuma ya nyumba yake, kwenye mteremko wa Meru, kando ya kihamba, shamba lake la kahawa la nyumbani. Alimimina maji kwenye chupa yenye mistari, akafumba jicho moja, akasoma, akaandika milimita zake daftarini. Majirani walimtania kwamba mawingu yenyewe yanaomba ruhusa kwake kabla ya kunyesha. Hakucheka. Kwenye mambo ya mvua mzee huyu hakuwa na utani na mtu.

Kwa hiyo siku Najat alipokuja, Ephraimu alimpokea akiwa amevaa koti la kanisani. Najat alikuwa mtafiti, mzaliwa wa Kaloleni, mjini. Yeye na wenzake walikuwa wakipima jinsi nchi inavyoyumba, kwa mvua kali na ukame, hali ya hewa inapobadilika, na kama inayumba zaidi leo kuliko miaka ya themanini. Kumbukumbu ndefu kama za Ephraimu zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Walikwishapiga picha kila ukurasa wa madaftari yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu chai."

Najat hakuigusa chai. Alifungua daftari la mwaka 2010 na kuuliza, kwa adabu, kwa nini tangu mwaka uliotangulia hakuna Jumapili hata moja iliyonyesha. Kwa nini Jumatatu zimekuwa na mvua kubwa kuliko siku zote.

Mzee alikiweka kikombe chake chini. Ukweli aliujua, ila hakuwahi kuulizwa.

Ephraimu ni mzee wa kanisa. Saa tatu ya Jumapili huwa ameketi mbele, macho ya usharika mzima yakimtazama. Zamani haikuwa shida, maana mkewe Anande alisali ibada ya kwanza ya alfajiri, kisha akarudi kupima. Jumapili zote za daftari ziliandikwa kwa mkono wake. Anande alipofariki, mwaka 2009, Ephraimu aliacha maji ya Jumapili yakae ndani ya kipimo, akayapima Jumatatu pamoja na mengine. Kwenye Jumapili aliandika sifuri.

"Si ningemwambia mtu yeyote apime?" alisema. "Sikutaka. Ile ilikuwa siku yake."

Kisha akajitetea, kama mtu aliyebanwa. "Lakini maji ni yale yale, mwanangu. Sikumwaga hata tone."

"Ni kweli babu, jumla ya mwaka iko sawa. Ila sisi tunahesabu siku za mvua kubwa, zile zinazobomoa makalavati na kuzoa udongo. Mvua mbili za kawaida umezifanya moja kubwa. Tulishaandika kwamba huku Meru mvua zimekuwa kali."

"Kwani hazijawa kali?"

Najat alisogeza daftari karibu na mzee. Alikuwa msichana mwenye huruma, na huruma ilimfanya aanze na yaliyo mazuri.

"Miaka ya bibi tunaijua vizuri. Tunaweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote. Hii kumi na mitano iliyofuata, babu, hatujui. Itabidi tuiondoe."

Ephraimu aliomba kalamu nyekundu. Alianza kukata sifuri za Jumapili moja baada ya nyingine, yeye mwenyewe, na Najat akimfungulia kurasa. Walifika saa ya chakula cha mchana hawajamaliza hata mwaka wa pili. Hapo mzee akaweka kalamu chini, akafunika uso kwa viganja, akalia mbele ya mgeni, jambo ambalo hakulifanya hata makaburini siku ya kumzika mkewe.

"Angekuwepo angenigombeza," alisema. "Angenigombeza Jumapili ile ile ya kwanza."