Mawe ya Sauna ya Lahja

Taisto wa Rautalampi alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache alikuwa anayabania. Maisha yake yote aliendesha malori ya magogo, mti akiujua kwa harufu tu. Lakini mkewe Lahja alipovunjika nyonga, akarudi na fimbo kutoka hospitali na kukataa katakata kuingia sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke walimozoea kukaa pamoja, mzee alichanganyikiwa kabisa. Jumamosi, siku za sauna, zikaja na kupita, moshi unafuka kwa majirani wote, na Lahja anajimwagia maji bafuni peke yake. Taisto aliona kama vile ndoa yake inamponyoka mikononi.

Kumwuliza sababu? Thubutu! Alijisemea moyoni kwamba tatizo ni ile sauna ya zamani ziwani, na ngazi zake zenye utelezi. Basi akaamua kujenga mpya karibu na mlango wa jikoni, akiamini Lahja akiiona atarudi.

Hapo ndipo alipowasumbua watu. Kwa kuta alitaka msonobari uliokua polepole juu ya mwamba, wenye mbao ngumu. Kwa mabenchi msonobari hakuutaka hata kuusikia, maana vifundo vyake hutoa utomvu wa moto na anayekalia huruka. Huko alitaka haapa, mti mweupe, mlaini, usiochuruza wala kuunguza makalio. Akazungukia mashine za kupasulia mbao za eneo zima, akizikataa mbao za watu usoni kwao. Jirani yake Reino akamtania kwamba anachagua mbao kuliko alivyochagua mke. Taisto akamjibu kwamba mke hakumchagua, alibahatika tu, na bahati ya namna ile haiji mara mbili.

Jiko lenyewe akanunua la chuma chembamba, la mawe machache ya kumwagia maji, linalopata moto upesi na kutoa mvuke wa kung'ata masikio. Huo ndio aliodhani Lahja anaupenda. Si miaka yote alikaa benchi la juu kabisa, kwenye joto kali zaidi, mgongo umenyooka, kimya, na hakuwahi kutangulia kushuka? Taisto naye aling'ang'ania hapo hapo pembeni yake, huku anaungua.

Siku ya kupanga mawe Lahja alitoka akichechemea, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Akalitazama jiko, akauliza mbona mawe ni haba hivyo. Taisto akasema ni kwa ajili yake, apate mvuke wake mkali.

"Nani kakwambia naupenda?"

"Si unakaa juu siku zote, mama."

Lahja akachora chora mchanga kwa fimbo. "Nilikuwa nakaa kwa ajili yako, mzee wangu. Niliona haya kushuka nikuache. Sasa kwa nyonga hii siwezi tena, na sikutaka kukuharibia raha yako. Ndiyo maana nikakataa."

Taisto akaliweka chini jiwe alilolishika. "Mimi masikio yameniungua miaka arobaini," akasema. "Nikijua wewe ndiye unayetaka, mama."

Lahja alicheka hadi akaishika nyonga yake kwa maumivu. Mzee akageukia ukutani kujifuta macho, akisingizia vumbi la mbao. Wajinga wawili, jamani, na wanavyopendana!

Kesho yake jiko likarudishwa dukani, likaja jingine pana, linalomeza mawe tele na kutoa mvuke wa taratibu. Mawe wakayachagua pamoja. Lahja aligonganisha mawili mawili akisikiliza: linalolia vizuri likaingia, linalotoa sauti butu lina ufa na litapasuka motoni, hilo likatupwa. Benchi la juu, la ile haapa iliyomhangaisha, Taisto alilikata kwa msumeno bila kunung'unika, mbao zake zikapanua la chini.

Jumamosi ya kwanza walikaa hapo chini bega kwa bega, fimbo imeegeshwa mlangoni. Taisto akamwaga maji kata moja. Mvuke ukapanda polepole, ukawashukia mabegani. Kisha akamwuliza mkewe swali ambalo hakuwahi kumwuliza tangu wafunge ndoa.

"Mvuke unatosha?"

Lahja akafumba macho, akafikiri kwanza.

"Ongeza kidogo," akasema.