Debe Huangaliwa Ukiwa Bado Mtoni

Mwanangu, siku niliyomfokea hedmasta wangu kwa sababu ya mwanafunzi mmoja, Mwende, naikumbuka kama jana. Wewe umepewa darasa juzi tu, kwa hivyo kaa kidogo nikuambie. Mimi ualimu sikuusomea mahali. Niliingia darasani bila cheti, nikajifunza nikianguka nikiamka, na mdomo ulikuwa unafika kila mahali kabla ya kichwa.

Ilikuwa miaka ya sabini, upande wa Ikutha, shule ya mabati na sakafu ya mchanga. Nilipewa darasa la nne. Hao watoto niliwapenda hadi ungeniambia mmoja ana makamasi, tungegombana mimi na wewe.

Mwende alikuwa mmoja wao, msichana mkubwa kuliko wenzake kwa sababu alichunga mbuzi za kwao kwanza, shule ikaja baadaye. Hesabu zilimshinda. Na wakati huo shule zetu zilikuwa na hii desturi: mwaka ukiisha, mtoto dhaifu anarudishwa nyuma, arudie darasa. Baba yake alikuwa amesema hadharani sokoni, "Huyu akirudishwa, anarudi kwa mbuzi. Sina mtoto wa kuzeekea darasa la nne."

Sasa muhula wa pili Mwende akapata tatu kwa ishirini. Hedmasta wetu, mzee Kilonzo, akaniambia nimwandae kurudia. Mimi nikawaka. Nikamfuata mpaka ofisini.

"Huyu msichana harudii," nikamwambia. "Kama ni kufukuza, nifukuze mimi."

Mzee alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini polepole.

"Sawa. Harudii. Anakosea wapi?"

"Kwa hesabu."

"Hesabu ni shamba kubwa, mwalimu. Anakosea wapi?"

"Si alipata tatu..."

"Hiyo ni alama. Mimi nakuuliza juu ya mtoto."

Nikashika kiuno.

"Lakini mimi huwauliza," nikajitetea. "Kila nikimaliza nasema, 'Tumeelewana?' Wanajibu wote, 'Ndiyo, mwalimu.'"

"Nawasikia. Hata punda za ng'ambo zinawasikia." Akacheka kidogo. "Hiyo ni kwaya. Wewe unaenda kanisani, unajua. Kwaya ikiimba kwa nguvu, utajua nani amesahau maneno?"

"Hapana."

"Na mama yako akienda kuchota maji, debe linalovuja analiangalia akiwa wapi?"

"Pale pale mtoni."

"Kwa nini asingoje afike nyumbani?"

"Atafika na debe tupu."

"Mtihani ndio nyumbani," akasema. "Maji yamemwagika njia yote, halafu unakuja kunipigia kelele mlangoni. Nitamwangalia mwenyewe tukikaribia kufunga mwaka. Enda ukatafute tundu."

Niliondoka nimekasirika, hata chai sikupewa. Lakini hasira hasara, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho yake, wakati wa mapumziko, nikamwita Mwende nje. Tukachuchumaa kwa mchanga. Nikampa kijiti aandike hamsini na mbili, atoe ishirini na saba.

Akaandika thelathini na tano.

Nilikuwa karibu kubweka. Nikaukumbuka uso wa mzee. Nikasema tu, "Nionyeshe vile umefanya."

Alinitazama vile mtu anatazama mbwa aliyeacha kuuma ghafla. "Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu."

"Kwa nini hukuanza na hii mbili ya juu?"

"Ni ndogo. Mwalimu, ni wewe ulisema ndogo ndiyo hutolewa kwa kubwa."

Mwanangu, nilisema kweli. Siku za kwanza, nikitaka mambo yawe rahisi. Huyu mtoto tunayemwita dhaifu alikuwa ameshika neno langu bila kuliacha, na ndilo lilikuwa linamwangusha.

Tukaokota vijiti, tukafunga mafungu ya kumi kumi kwa uzi wa mkonge. Nikampa mafungu matano na vijiti viwili. "Sasa nipe saba."

"Hazitoshi."

"Zingine ziko wapi?"

Akaangalia yale mafungu muda mrefu. Halafu akachukua moja, akafungua fundo kwa meno. Sikumwambia afanye hivyo.

Siku iliyofuata nikatoa darasa lote nje, kila mtu na kijiti chake. Nusu yao, wale wale wa "Ndiyo, mwalimu", wakaandika thelathini na tano. Kumbe kwaya yangu yote ilikuwa inavuja.

Kuanzia hapo, kabla somo liishe, swali moja kwa mchanga, na mimi napita nyuma yao polepole. Nikiona wengi wamekwama, kesho siendi mbele, narudi hapo hapo. Kijana mmoja mkubwa, Mutua, akanung'unika, "Mwalimu, mchanga ni wa watoto wadogo wa nasari."

"Basi mimi pia ni wa nasari," nikamwambia. Nikakaa chini, nikaandika. Wakanicheka, lakini wakaandika. Na uzuri wa mchanga ni huu: ukikosea unafuta kwa mguu. Hakuna wino mwekundu wa kuchekwa nao mpaka nyumbani.

Mwaka ukikaribia kuisha, mzee Kilonzo akaja, akasimama nyuma ya Mwende. "Sitini na moja, toa thelathini na nne."

Akaandika thelathini na tatu.

Nikafungua mdomo, mzee akainua kidole bila kuniangalia. Tukangoja. Mwende akainamisha kichwa, akatazama ile hesabu yake. Mguu ukapita, mchanga ukawa safi. Akaandika ishirini na saba.

"Kwa nini umefuta?" mzee akamuuliza.

"Moja haitoshi kutoa nne. Nilikuwa nimesahau kufungua fungu."

Mzee akanigeukia. "Huyu sasa anajua debe lake linavuja wapi. Apite."

Akaenda darasa la tano. Hakuwa namba moja, nisikudanganye. Na mbuzi, ilibidi baba yake azichunge mwenyewe, akilalamika barabara yote.

Kwa hivyo nakushauri hivi, mwanangu. Acha kuuliza darasa kama limeelewa, litakujibu ndiyo kwa sababu linakuheshimu, au linataka kwenda nyumbani. Mwambie mtoto, nionyeshe. Halafu funga mdomo umngoje, hata kama ni kazi ngumu kwa watu kama mimi. Kosa la leo ukilijua leo, kesho unajua pa kuanzia. Na ukimpenda mtoto, usimpiganie ofisini tu. Kwanza jua anaumia wapi.

Mungu akupe macho ya kuona tundu likiwa bado dogo, na subira ya kungoja mguu wa mtoto ufute. Na wale utakaowafundisha wafike nyumbani debe likiwa limejaa.