Cerf-volant ya mukia ya liputa

Rafiki, wiki iliyopita nilikuwa napita pembeni ya soko, mukia ya cerf-volant, ile tiara ya karatasi, ya mutoto moja ikanigusa shingo. Nilishtuka vibaya. Mutoto akacheka: "Tonton, iko karatasi tu." Kidogo nimupige. Halafu nikakaa chini palepale, na mimi mutu muzima.

Ni sababu ya gardienne, ile shule ya sisi wadogo kabisa. Wakati ya uasi shule kubwa zilifungwa, lakini mademoiselle, mwalimu yetu, alisema batoto wakibaki nyumbani wataokota masasi ya bunduki. Alors kila asubuhi tulikuwa kwake. Tulipasua vijiti ya cerf-volant, tulipika kole, ile gundi ya bunga ya muhogo, tulibandika magazeti ya zamani. Kole ilikuwa inanukia vizuri, mimi nalamba vidole, mademoiselle ananichapa kidogo halafu ananipa kipande ya lituma, ile ndizi ya kutwanga. Kwa mukia tulifunga vitambaa vya liputa yake ya zamani, ile kitenge ya kuvaa kiunoni: moja nyekundu, mbili ya bulu, tatu ya manjano. Mimi nilijua kuhesabu hivyo. Masomo ingine nimejitafutia mwenyewe.

"Kamba isipite paa," alikuwa anatuambia. "Na usiiache, hata nyoka ikupite muguuni." Sisi tunacheka. Yeye hacheki, anaangalia barabara.

Barabarani kulikuwa na wapiganaji. Walinyunyiziwa maji ya dawa, ili risasi isiwaingie. Dawa ile ilikuwa na sheria yake: mwanamuke asimuguse mupiganaji, na kitu ya mwanamuke isimuguse. Koko yangu, mama ya mama yangu, alikuwa akimuona mumoja kwa mbali, ananivuta mukono, tunaingia kwenye majani mpaka apite. Nilikuwa nasikia moyo ya koko inapiga kwenye mugongo yangu.

Bon. Asubuhi moja mutoto wa jirani aliangalia cerf-volant yangu, akasema: "Ya kwako iko kama kuku ya kunyeshewa." Mimi maneno ya namna hiyo sivumilii. Nikaacha kamba, nikamupiga ngumi ya pua. Cerf-volant ikaruka ukuta ya gardienne, ikaangukia mupiganaji aliyekuwa anapita, mukia ikamuzunguka shingo.

Tulimuona kwenye mulango, mikono juu, hataki hata kuigusa. Mutu mukubwa vile, na bunduki, alikuwa anaogopa kushinda sisi.

"Liputa," akasema polepole. "Mumeua dawa yangu. Na kesho natumwa vitani. Hii kitu iko ya nani?"

Mutoto wa jirani aliniangalia, damu inamutoka puani, akanyamaza. Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu. Mukojo ilikuwa inashuka, moto.

"Iko yangu, papa," mademoiselle akasema. "Hawa batoto hawajui kitu."

Akapangusa kole kwenye mikono, akatoka naye.

Hakurudi. Koko alimuulizia siku nyingi. Wengine walisema wamemuona kule Yanonge, wengine walisema koko aache kuuliza. Leo ile gardienne iko depo ya mafuta ya ngazi, ile ya mawese, na batoto ya pale hawajui kama kulikuwa shule. Mutu akimusema mademoiselle vibaya mbele yangu, tunapigana, uliza wenye kunijua. Ninaongea kwa kila kitu, kwa kila mutu. Asubuhi ile nilihitaji maneno mawili tu, na aliyasema yeye.