Koti la Shefu

Kosa la kwanza katika mambo haya lilikuwa langu, kwa hiyo naanza nalo.

Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha sabuni hapa Bujumbura, kwenye mtaa wa viwanda karibu na bandari. Asubuhi moja walikuja wafanyakazi wapya wawili kuchukua nguo za kazi. Msichana alikuwa mtoto wa mtaa wa Buyenzi. Baba yake, fundi wa magari, tuliswali naye safu moja, na binti mwenyewe nilimsomesha madrasa. Kijana alikuwa Muhindi, mzaliwa wa mjini hapa, babu yake aliuza vitambaa. Nilikuwa na makoti meupe mawili, na moja lilishonwa kifuani maandishi ya mkuu wa maabara. Bila kuuliza nikampa kijana.

Akalitazama, akalikunja vizuri, akampa msichana.

"Maalim, hii ni ya shefu. Mi niko chini yake."

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba Mwenyezi Mungu haangalii rangi ya mtu. Nikaomba msamaha moyoni, kisha nikainama chini ya meza kutafuta glavu ambazo hakuna aliyeziomba.

Sikuwa peke yangu katika kosa lile. Kila mnunuzi aliyeingia maabara alimpita binti na kwenda kumshika mkono kijana. Binti alitoa karatasi za vipimo, mtu akazipokea, akampelekea kijana atie sahihi. Kijana alikuwa akisogea pembeni ili binti aonekane, na wageni wakamfuata hukohuko pembeni. Siku moja walimfuata mpaka kwenye mapipa ya magadi, akakosa pa kwenda.

Dirisha la stoo yangu lilitazamana na la maabara, kwa hiyo mambo mengine niliyajua kabla ya wenyewe. Kijana alianza kuja kuomba glavu kila siku.

"Za jana ziko wapi?"

"Zimechakaa, Maalim."

"Zimechakaa kwa kazi, ao kwa kumwangalia mutu?"

Akazichukua, mpya kabisa, na hakuzivaa.

Mwishowe akamwambia binti kwamba anataka kumuoa. Binti akakataa. Alikuja kuniambia mwenyewe, amekaa juu ya katoni za sabuni.

"Si kwamba simtaki, Maalim."

"Basi ni nini?"

"Kazini wanamsalimia yeye kwanza. Nikifika nyumbani, pia? Tutaenda sokoni, wataniuliza kama mi ni yaya wa watoto wake. Baba amelala chini ya magari ya watu maisha yake yote ili mi nivae koti hili. Sitaki kuwa nyuma ya mutu ndani ya nyumba yangu. Nimemwambia hivyohivyo."

Mzee mwenye ndevu nyeupe hutegemewa kuwa na jibu. Nikamwambia nitamwombea dua, nayo ndiyo njia yetu wazee ya kuomba muda. Lakini dua niliomba kweli.

Jumatatu iliyofuata kijana alikuja stoo akaomba ovaroli ya buluu, kama ya mafundi wa mitambo.

"Koti lako lina nini?"

"Linadanganya watu. Nikivaa ile ya mafundi, hakuna atakayedhani mi ni mkubwa."

Iliyobaki ilikuwa fupi kwake. Aliivaa, miguu ikabaki nje kama mtu anayevuka mto Ntahangwa, akarudi kazini amejaa matumaini.

Siku hiyohiyo alifika mnunuzi kutoka Gitega. Nilikuwa maabara nimepeleka chupa, kwa hiyo niliona yote. Binti alisimama mlangoni na koti lake jeupe, cheo kifuani, karatasi mkononi. Nyuma yake alikuwepo mtu mwenye ovaroli fupi, mafuta ya mawese mpaka viwikoni, povu kwenye nyusi. Mnunuzi akampita binti, akaushika ule mkono wa mafuta kwa mikono yake miwili.

"Patroni, nimefurahi sana. Kumbe unashika kazi na mikono yako. Ndiyo maana sabuni yenu ni nzuri."

Kijana alinitazama kana kwamba nimempa dawa iliyoharibika. Kisha, bila kuuachia mkono wa mgeni, akamwongoza taratibu mpaka mbele ya binti.

"Patroni ni huyu. Mi nikikosea ananirudishia kazi yote. Jana amenirudishia mara mbili."

"Tatu," binti akasema.

Alijaribu kubaki mkali. Alishindwa, akacheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Sikuwahi kumsikia akicheka ndani ya jengo lile. Mgeni aliomba radhi, akatia sahihi pale alipoonyeshwa.

Alipoondoka, binti alimgeukia kijana.

"Rudisha hiyo nguo kwa Maalim. Haikusaidii kitu."

"Watakosea tena."

"Watakosea tu. Mi nilitaka kujua we utafanya nini wakikosea." Akapanga chupa zangu moja moja, taratibu. "Baba anakuwa nyumbani Ijumaa baada ya swala. Uje na wazee wako. Na uvae suruali inayofika chini."

Nilikwenda nao kuposa, na nilikuwa msemaji wao. Binti alitoa sharti moja: kwenye kila mlango, yeye anaingia kwanza. Nimemshukuru Mungu mara nyingi kwa kunibakiza nikaona sharti lile likitunzwa.

Idi iliyopita walikuja kunisalimia, na mvua ilikuwa inanyesha. Kijana alisimama nje amembeba mtoto wao, maji yanamtiririka.

"Ingia, baba, utalowa."

"Shefu bado anavua viatu."

Walipoketi nikamimina kahawa. Nikanyanyua kikombe cha kwanza, na mkono wangu ukaanza kwenda kwake, kwa yule kijana. Alikitazama kikombe, kisha akamtazama mkewe. Mungu ana subira nyingi na sisi. Nikaugeuza mkono njiani.